Mashine Ndogo za Baridi Kali: Nani Ateue Mchanganyiko wa Gesi?

Kwa miaka mingi, katika kliniki za Afrika Mashariki zinazochunguza dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, mtungi wa gesi ulisimama kando ya kitanda. Gesi ya mtungi huo, kaboni dioksidi au nitrasi oksidi, ilipitishwa katika tundu jembamba ndani ya ncha ya chuma. Ncha ilipoa hadi makumi ya digrii chini ya sifuri, na mhudumu akaigusisha kwenye sehemu yenye kasoro: dakika 3 za kugandisha, dakika 5 za kuacha barafu iyeyuke, kisha dakika 3 za kugandisha tena. Tiba hiyo ilikuwa rahisi, na wanawake wengi waliepushwa na maradhi makubwa kwa sababu yake. Lakini mtungi una mwisho. Gesi ilipokwisha kabla ya mtungi mwingine kufika, mwanamke aliyetoka kijiji cha mbali alirudi kwao bila kutibiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya kifaa kinachotibu kwa joto badala ya kugandisha, na mojawapo ya sababu zilizokipa kifaa hicho nafasi ni kwamba hakihitaji mtungi wa gesi.

Kisa hiki kinafaa kuzingatiwa na kila anayefundisha au kujifunza fizikia. Kanuni iliyotumika katika ncha ile ilikuwa sahihi, na baridi yake ilitosha. Kilichokwamisha kazi ni gesi yenyewe: inatoka wapi, inaletwa na nani, na ikiisha itakuwaje.

Leo zipo mashine ndogo zinazotumia kanuni ile ile lakini zinafika mbali zaidi, hadi digrii 196 chini ya sifuri, na gesi yake imefungiwa ndani ikizunguka bila kutupwa. Nyingine zinaweza kuwekwa juu ya meza. Ndani yake hamna gesi moja, bali mchanganyiko wa gesi tatu, nne au tano, na ubora wa mashine hutegemea kwa kiasi kikubwa namna mchanganyiko huo ulivyoteuliwa. Kwa kawaida uteuzi hufanywa na mtengenezaji, akiangalia zaidi ni kiasi gani cha baridi kitapatikana kwa kila wati ya umeme. Makala haya yanatetea msimamo kwamba kipimo hicho peke yake hakitoshi. Mchanganyiko unapaswa kupimwa pia kwa namna utakavyojazwa upya ukivuja, na kwa mahali gesi yake itakapokwenda ikitoka. Tena, anayenunua mashine ana haki ya kujua ndani yake mna nini.

Baridi itokayo tunduni

Mwaka 1852 wanasayansi wawili wa Uingereza, James Joule na William Thomson, walichunguza jambo linalotokea gesi yenye kanieneo kubwa inapopenya njia nyembamba na kutokea upande wenye kanieneo dogo. Waliona kuwa gesi nyingi hupoa. Sababu ni kwamba molekuli za gesi huvutana. Zinapotawanyika baada ya kupita tunduni, hutumia nishati kuushinda mvuto huo, na nishati hiyo hutoka katika mwendo wa molekuli zenyewe. Mwendo ukipungua, halijoto hushuka. Si kila gesi hufanya hivyo: hidrojeni na heli, zikiwa katika halijoto ya chumba, hupata joto badala ya kupoa.

Upoaji huu ni mdogo. Nitrojeni ya halijoto ya chumba hupoa kwa takriban moja ya tano ya digrii kwa kila kiasi cha kanieneo kinacholingana na kanieneo la hewa inayotuzunguka. Kanieneo likishuka kwa mara 20 ya kiasi hicho, gesi itapoa kwa digrii 4 hivi. Je, kutoka hapo inafikaje digrii 196 chini ya sifuri?

Jibu lilipatikana mwaka 1895, pale Carl Linde wa Ujerumani na William Hampson wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipotumia gesi iliyokwisha kupoa kuipoza ile inayokuja. Mikondo miwili hupita sambamba katika mirija inayogusana, mmoja ukienda tunduni na mwingine ukirudi. Unaorudi huchukua joto la unaokwenda. Hivyo gesi inayofika tunduni huwa baridi kuliko iliyotangulia, ikitoka huwa baridi zaidi, na mambo huendelea hivyo mpaka sehemu ya gesi inageuka kimiminika. Kwa njia hiyo hewa ikaanza kugeuzwa kimiminika viwandani.

Uzuri wa njia hii ni kwamba upande wa baridi hauna pistoni wala gurudumu. Hakuna kinachotikisika wala kinachosagika, kwa hiyo sehemu hiyo inaweza kufanywa ndogo sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, W. A. Little wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichonga mifereji myembamba katika vipande vya kioo na kupata kipoza kinachokaribia ukubwa wa kioo cha kuwekea vitu chini ya hadubini. Udhaifu wake ulikuwa ule ule wa kliniki zetu. Nitrojeni tupu inahitaji kanieneo linalozidi mara 100 ya lile la hewa ya kawaida, na kompresa ndogo ya bei nafuu haiwezi kulifikia. Ikabidi mtungi urudi mahali pake.

Kwa nini gesi zichanganywe

Kompresa ya jokofu la nyumbani inaweza kufanya kazi kwa kanieneo la mara 20 hivi ya lile la hewa. Ili mashine ya baridi kali itumie kompresa ya namna hiyo, yahitajika gesi ambayo molekuli zake huvutana kwa nguvu zaidi kuliko za nitrojeni. Propani na isobutani zina sifa hiyo, lakini huchemka katika halijoto ya juu mno, kwa hiyo peke yake haziwezi kufika kwenye baridi kali.

Zamani tatizo hili lilitatuliwa kwa ngazi. Mzunguko wa kwanza, wenye gesi yake na kompresa yake, hupoza mzunguko wa pili. Wa pili hupoza wa tatu. Kiwanda cha kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika huko Arzew, Algeria, kilichoanza kazi mwaka 1964, kilitumia ngazi ya propani, ethileni na methani. Njia hiyo hufaa kiwanda kikubwa, lakini mashine ndogo haiwezi kubeba kompresa tatu.

Mwaka 1959, katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa majokofu uliofanyika Copenhagen, mtaalamu wa Kisovieti A. P. Kleemenko alieleza njia nyingine: gesi zote za ngazi zichanganywe pamoja na kusukumwa na kompresa moja. Zikiwa njiani kuelekea kwenye baridi, nzito hugeuka kimiminika kwanza na kusaidia kupoza nyepesi zinazofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwanda cha Marsa el Brega, Libya, kilitumia mchanganyiko mmoja kwa gesi asilia. Wakati huo huo wataalamu wa Moscow, V. M. Brodyansky akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba nitrojeni iliyochanganywa na gesi za jamii ya propani hutoa baridi mara nyingi zaidi kuliko nitrojeni tupu. Katika miaka ya 1990 Little alitumia maarifa hayo kutengeneza vipoza vidogo vyenye kompresa za aina ya majokofu ya kawaida. Ndipo mtungi ulipoondoka mezani.

Hesabu ya kupokezana ndoo

Uteuzi wa mchanganyiko huonekana kuwa jambo gumu, na hesabu zake kamili hufanywa na kompyuta. Hata hivyo, msingi wake unaweza kueleweka na mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Fikiria watu waliojipanga kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua, wakipokezana ndoo za maji. Maji yanayofika kwenye moto hayawezi kuzidi yale yanayopitishwa na mtu dhaifu kuliko wote. Hata wengine wakiwa na nguvu za simba, kazi yote hupimwa kwa huyo mmoja.

Ndivyo ilivyo katika mirija ya mikondo miwili. Katika kila hatua, kuanzia joto la chumba hadi kwenye baridi kali, mkondo unaorudi hauna budi kuchukua joto la mkondo unaokwenda na kubakiwa na uwezo wa ziada. Hatua yenye ziada ndogo kuliko zote ndiyo inayoweka kikomo cha baridi ya mashine nzima. Kila gesi hutoa ziada kubwa katika eneo la halijoto ambalo hugeuka kimiminika na kuchemka tena. Kwa hiyo kazi ya mteuzi ni kupanga gesi ambazo viwango vyake vya kuchemkia vimefuatana vizuri, pasiwe na hatua isiyo na mpokeaji wa ndoo.

Tuchukue mchanganyiko unaofahamika wa gesi tano. Katika kanieneo la hewa ya kawaida, isobutani huchemka digrii 11.7 chini ya sifuri, propani 42.1, ethani 88.6, methani 161.5 na nitrojeni 195.8. Kati ya isobutani na propani pana digrii 30.4. Kati ya propani na ethani pana 46.5, na kati ya methani na nitrojeni pana 34.3. Lakini kati ya ethani na methani pana digrii 72.9. Ni dhahiri kwamba hapo ndipo penye pengo. Mtu akiondoa ethani kwa sababu haipatikani kwa urahisi, pengo kati ya propani na methani linakuwa digrii 119.4, na mashine yaweza kukwama kabisa kabla ya kufika inakotakiwa.

Gesi inayolijaza pengo

Je, pengo hilo la digrii 72.9 lizibwe na nini? Ethileni huchemka digrii 103.7 chini ya sifuri, nayo husaidia kidogo. Lakini ethileni huganda digrii 169 chini ya sifuri, mapema kuliko ethani, ambayo huganda digrii 183 chini ya sifuri. Punje ya barafu yake ikikaa katika tundu jembamba kuliko unywele, mashine husimama.

Ipo gesi inayoingia pale kana kwamba iliumbwa kwa ajili hiyo. Ni kaboni tetrafloridi, ambayo mafundi wa majokofu huijua kwa jina la R-14. Huchemka digrii 128 chini ya sifuri, kwa hiyo pengo moja kubwa linagawanyika kuwa mawili, la digrii 39.4 na la 33.5. Huganda digrii 184 chini ya sifuri. Haiungui. Mtu anayetazama jedwali la maabara hana sababu ya kuikataa.

Sababu yenyewe iko nje ya jedwali. Gesi hii ikitoka haiozi, hainyeshwi na mvua, wala hailiwi na kiumbe chochote. Hukaa angani kwa miaka ipatayo 50,000, na katika kipindi cha miaka 100 kila gramu yake huzuia joto zaidi ya mara 6,000 ya gramu ya kaboni dioksidi. Gramu 10 tu zinazovuja ni sawa na zaidi ya kilo 60 za kaboni dioksidi.

Hatua ya namna hii dunia iliwahi kuikanyaga. Mwaka 1930 Thomas Midgley, mwanakemia wa Marekani, aliwaonyesha wenzake gesi mpya ya majokofu. Aliivuta kwa pumzi, kisha akaipuliza kuzima mshumaa uliokuwa ukiwaka. Kwa tendo hilo alijibu maswali mawili: gesi hii ni sumu? Je, inaungua? Majibu yalikuwa mazuri, na gesi za jamii hiyo zikaenea duniani kote. Swali la tatu, kwamba zikitoka zinakwenda wapi, lilijibiwa mwaka 1974, wakati Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonyesha kuwa hupanda juu na kuharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ukafuata mwaka 1987. Gesi zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni lakini hupasha dunia joto, na mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza. Makubaliano hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. R-14 haimo katika orodha ya Kigali kwa kuwa haina hidrojeni ndani yake. Kukosekana kwake orodhani hakuipunguzii hata mwaka mmoja kati ya ile 50,000.

Mambo ya karakana

Yapo mambo mengine ambayo mtu huyajua akishaishi na mashine, na yote yanahusu uteuzi.

La kwanza ni kuganda. Isobutani tupu huganda karibu digrii 160 chini ya sifuri, na kwa hesabu ya haraka isingefaa mashine ya digrii 196. Kinachoiokoa ni kwamba huyeyuka ndani ya propani na ethani, na mchanganyiko huganda chini zaidi kuliko gesi moja moja, kama chumvi inavyozuia maji yasigande kwenye sifuri. Lakini ikizidi kipimo, barafu hutokea. Unyevu na mafuta ya kompresa ni hatari zaidi, maana hivyo huganda mapema sana njiani.

La pili ni kwamba mchanganyiko uliotiwa ndani si ule unaozunguka. Mashine ikishapoa, sehemu ya gesi nzito hubaki upande wa baridi ikiwa kimiminika, na zinazopita katika kompresa huwa nyepesi zaidi. Mashine ikizimwa, kimiminika chote hurudi kuwa gesi na kanieneo hupanda. Mteuzi asiyelikumbuka hilo atajaza gesi nyingi kuliko mirija inavyoweza kuhimili.

La tatu ndilo linalomhusu fundi moja kwa moja. Jokofu la kawaida lenye gesi moja likivuja, fundi huziba tobo na kulijaza gesi ile ile. Mchanganyiko ukivuja, gesi zake hazitoki kwa uwiano sawa. Nyepesi, yaani nitrojeni na methani, zaweza kutangulia na kuziacha nzito. Kilichobaki hakijulikani ni nini, na kuongeza kidogo hakusaidii. Mashine haina budi kutolewa gesi yote, kuvutwa hewa, kisha kujazwa upya gesi moja baada ya nyingine kwa mizani. Kazi hiyo haiwezekani iwapo vipimo havijulikani.

Na hapo ndipo penye tatizo kubwa. Ni desturi ya watengenezaji wengi kuuficha mchanganyiko kama siri ya kiwanda. Mashine hufika ikiwa na kibandiko kinachotaja volti na wati, na pengine uzito wa gesi, bila kutaja gesi zenyewe na uwiano wake. Inapovuja lazima isafirishwe kwa aliyeitengeneza, ng'ambo ya bahari, au ibaki stoo ikifunikwa vumbi. Mtungi umeondolewa, lakini utegemezi uliokuja na mtungi umebaki.

Hoja za upande wa pili

Wanaotetea uteuzi wa sasa wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Hoja ya kwanza ni moto. Propani, isobutani, ethani na methani zote huungua, na mashine ya hospitali inaweza kukaa karibu na oksijeni. Hofu hiyo ni ya haki, lakini isizidi kiasi. Majokofu mengi ya nyumbani leo yanatumia isobutani, na viwango vya kimataifa vimeruhusu hadi gramu 150 katika mzunguko mmoja. Kipoza kidogo huhitaji chini ya hapo. Moto hukingwa kwa kiasi kidogo, mirija imara na chumba chenye hewa. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa fundi: asitumie hata mara moja hewa iliyoshindiliwa badala ya nitrojeni. Hewa ina oksijeni, na oksijeni pamoja na gesi inayoungua chini ya kanieneo kubwa ni baruti.

Hoja ya pili ni kwamba gramu chache za R-14 hazina uzito mbele ya moshi wa magari na viwanda. Kwa mashine moja ni kweli. Kwa chombo cha angani, ambacho hakitafunguliwa na fundi na ambacho moto ndani yake ni maangamizi, huenda uteuzi huo ukawa wa busara. Lakini mashine zinazokusudiwa kuenea katika zahanati na maabara hazihesabiwi moja moja, na karakana nyingi hazina chombo cha kukusanya gesi wakati wa matengenezo. Gesi hufunguliwa ikaenda zake.

Hoja ya tatu ni siri ya kiwanda. Mtengenezaji ametumia fedha na miaka kutafuta uwiano wake, naye anastahili kulindwa. Lakini ulinzi upo tayari, nao ni hataza: anayeisajili huueleza uvumbuzi wake hadharani, na kwa malipo ya kuueleza sheria humlinda kwa muda. Siri humlinda mtengenezaji kwa kumwacha mnunuzi gizani, na hayo ni malipo makubwa kwa nchi inayonunua.

Mnunuzi aulize nini

Swali la kwanza la kuuliza ni: kazi hii inataka baridi kiasi gani? Mbegu za ng'ombe za uhimilishaji, kama zile za kituo cha taifa cha Usa River, karibu na Arusha, huhifadhiwa katika nitrojeni kimiminika, digrii 196 chini ya sifuri. Kipoza kidogo kinachoweza kutengeneza lita chache za kimiminika hicho kwa siku kingemfaa afisa mifugo aliye mbali na kiwanda. Lakini chanjo ya Ebola huhifadhiwa kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri. Kwa kazi hiyo methani na nitrojeni hazina haja, na pengo kubwa la digrii 72.9 halipo kabisa. Friza nyingi mpya za kiwango hicho hutumia propani na ethani tu. Anayeagiza baridi kuliko anayoihitaji hujitwisha ugumu wa bure.

Swali la pili ni: gesi hizi zinapatikana hapa? Fundi wa majokofu wa Dar es Salaam au Nairobi hutumia nitrojeni kavu kupima mivujo, na isobutani na propani safi kwa majokofu ya kisasa. Methani ni sehemu kubwa kabisa ya gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika viwandani na katika umeme mwaka 2004. Ila gesi ya bombani na gesi ya kupikia hazifai kutiwa mashineni jinsi zilivyo, kwa kuwa zina uchafu, unyevu na dawa ya harufu. Zinahitaji kusafishwa, na kuzisafisha ni kazi ya kemia inayoweza kufanywa hapa hapa. Ethani safi ndiyo ngumu kupatikana, nayo ipangiwe mapema.

Maswali yanayobaki ni mafupi. Gesi zote zimeandikwa kwenye mashine, kwa majina na kwa uzito? Utaratibu wa kujaza umo katika kitabu chake? Gesi ikitoka itakaa angani siku ngapi, au miaka mingapi? Mashine isiyo na majibu hayo isinunuliwe kwa fedha ya umma, hata kama baridi yake ni ya ajabu.

Kazi ya darasani

Mwalimu wa fizikia au kemia anaweza kulileta jambo hili darasani kwa ubao na chaki. Wanafunzi wapewe viwango vya kuchemkia na vya kugandia vya gesi tano au sita, wazipange, watafute mapengo, kisha wateue mchanganyiko kwa kazi mbili: kuhifadhi chanjo na kuhifadhi mbegu za ng'ombe. Kundi moja litetee R-14, jingine liipinge. Kazi hii iishie kwenye karatasi. Gesi zenyewe zisiguswe, kwani kuzishindilia ni kazi ya fundi mwenye vyombo na mafunzo. Katika zoezi hilo mwanafunzi atakutana na mvuto wa molekuli, hali za maada, uyeyukaji na hifadhi ya mazingira, mambo ambayo aghalabu hufundishwa katika sura zisizokutana.

Baadhi ya wanafunzi hao watakuwa mafundi, wengine wauguzi, wengine maofisa wa ununuzi wa wizara. Siku moja mashine ya baridi kali italetwa mbele ya mmoja wao ili aweke sahihi ya kuipokea. Akiwa amewahi kuyahesabu mapengo yale, atajua kwamba kabla ya kutia sahihi anapaswa kugeuza kibandiko na kusoma ndani mna gesi gani. Na asipoona jina hata moja, atajua kwa nini arudishe kalamu mfukoni.